Nilivyomulinda Mama Mudogo Wakati wa Mvua

Jumapili, 8 Februari

Niandike jina langu kwanza, ili atakayeiba hii kaye, yaani daftari, ajue ameiba kwa nani: Anouar wa mutaa wa Buyenzi, miaka kumi na tisa, fundi wa breki na wa maneno. Shule niliiacha mwaka wa tisa. Ao yenyewe iliniacha, tusigombane. Telefone yangu imeingia maji, ndiyo maana naandika. Mutu kama mi hawezi kukaa kimya.

Leo nimepewa kazi ya heshima. Mama yangu, Khadidja, anapasuliwa tumbo Jumanne, na daktari amesema baada ya pale asinyanyue hata ndoo. Sasa nani atabaki na mama mudogo Assia? Assia ni mudogo wake wa mwisho. Ana miaka thelathini na nne, lakini akili yake inaenda polepole tangu azaliwe. Maneno yanamutoka moja moja kama matone ya robine ya maji iliyo mbovu. Tangu bibi afariki, mama ndiye anamuogesha, anamuvalisha, anamukatia nyama. Tukitoka sote, tunamufungia ndani. Si kwa ubaya. Ndivyo tulivyokuta.

Muuguzi mumoja akamuambia mama kuna nyumba huko mutaa wa Kamenge. Vyumba vitano: vitatu vya watu wa namna ya Assia wanaoishi pale siku zote, wanasaidiwa pale tu wanaposhindwa, viwili vya wale wanaokuja kwa muda, jamaa yao wapate kupumua. Mujomba Shaabani, kaka yao mukubwa, mwenye garaje, mwenye nyumba tunayoishi sote, na mwenye sauti, akakataa. "Dada yangu alale kwa watu tusiowajua? Buyenzi watasema tumemutupa!" Mama akalia. Mujomba akatoa hukumu: mwezi mumoja, siku isizidi, na mwanaume wa ukoo aende naye, alale mulangoni kwake, amulinde.

Akaniangalia. "We hapa garaje unanipotezea spana tu. Enda."

Yaani nimechaguliwa kwa ushujaa.

Jumatatu, 9 Februari

Mvua. Tuko Kamenge, nimelinda.

Jumanne, 10 Februari

Mama amepasuliwa, ameamka, alhamdulillahi. Mi pia nimepasuliwa. Nieleze.

Mwenye kuongoza hii nyumba ni Mama Dative, mama mufupi, mutu wa kanisa, sauti ya mwalimu wa hesabu. Leo asubuhi namuona anamupatia Assia kisu akate vitunguu. Nikaruka kutoka kwenye kigoda changu cha ulinzi.

"Mama Dative! Huyu hashiki kisu!"

"Nani kasema?"

"Sisi. Siku zote."

"Alijikata lini?"

Nikafikiri. "Hajawahi kujikata."

"Kwa sababu hajawahi kushika."

"Ndiyo! Si ndiyo nasema?"

Nikamunyang'anya Assia kisu, kwa nguvu, kama mwanaume. Kikanipasua kidole gumba. Elvire, dada mumoja anayeishi hapa, mutu wa kelele na cheko, alicheka mpaka akakaa chini. "Mupolisi amejikata! Mupolisi amejikata!" Ameniita Mupolisi tangu siku ya kwanza, kwa sababu ya kile kigoda.

Assia akaokota kisu, akakiosha damu yangu, akaendelea na vitunguu. Vipande vinene kama matofali. Lakini vilikuwa vipande.

Ijumaa, 13 Februari

Hapa anayekula anapika, kwa zamu.

"Mi ni mulinzi," nikasema.

"Mulinzi anakula?" akauliza Mama Dative.

"Anakula."

"Basi."

Leo ilikuwa zamu yangu. Sitaki kuzungumuzia ile bugali. Melchior, muzee wa hii nyumba, mwenye maneno matatu kwa siku, alichungulia mu sufuria, akanitoa mwiko mukononi taratibu, kama unavyomutoa mutoto kiberiti. Akaanza upya. Mi nikashika taa.

Elvire hakuniacha nimeze hata tonge moja. "Mupolisi, kwenu nani anakupikia?"

"Mama."

"Anayekufulia?"

"Mama."

"Anayekutandikia kitanda?"

Nikakohoa.

"Maskini," akasema, "basi kile chumba kingine cha muda ni chako. Na we umekuja kusaidiwa!"

Wakacheka wote. Melchior akatumia neno moja kati ya yale matatu. "Kweli," akasema.

Jumamosi, 14 Februari

Mvua. Leo sijibu salamu ya mutu.

Jumanne, 17 Februari



Mama Dative ana namna yake ya kazi. Anaita kurudi nyuma. Siku ya kwanza alikuenda na Assia sokoni wakishikana mikono. Kesho yake, bega kwa bega. Halafu hatua chache nyuma yake. Halafu akabaki pale kona, anatazama tu. "Kazi yetu ni kurudi nyuma," anasema, "lakini polepole, ili asisikie baridi mugongoni." Leo ilikuwa Assia aende mwenyewe kununua ndagala, vile visamaki vidogo, na mi nisimame kona.

Lakini mi ni mulinzi. Nikaacha kona, nikamufuata. Mvua ikashuka kwa ghafla, mvua ya kweli, ya kuangusha mabati. Nikajibana mu kibanda cha Raïssa, anayeuza mega za intaneti ya telefone. Nikamuambia sina telefone ila nina moyo. Akaniambia moyo hauingii mu mashine. Tukacheka kidogo. Nikageuka: Assia hayuko.

Barabara imekuwa muto. Maji ya rangi ya chai yanabeba viatu, machupa, mbao. Nikakimbia mpaka kwa wauza ndagala. "Mumeona mwanamuke wa hijabu ya kijani, anatembea polepole?" Mumoja akanijibu: "Sha, kwa mvua hii nani anatembea polepole?" Wakacheka. Nikatamani kumupiga. Nikarudi kwenye ule mufereji mukubwa usiofunikwa, nikachukua mti, nikaanza kuchoma maji, nachoma na kuita: "Assia! Mama mudogo!" Nikaona kitu cha kijani, nikaingia mpaka kiunoni. Ilikuwa mufuko wa mukaa.

Sasa hapa niseme kitu, na atakayekisoma akinyamazie: nililia. Niliona uso wa mama, na tumbo lake lililoshonwa. Niliona mujomba. Halafu nikaona kitu kibaya zaidi: kwamba Assia akifa leo, hakuna mutu Buyenzi atakayeuliza alikuwa anapenda nini, kwa sababu hatukuwahi kumuuliza.

Nikarudi nyumbani kusema ukweli. Kwenye lango nikawakuta Mama Dative, Elvire na Melchior wanatoka na mwavuli.

"Munaenda wapi?" nikauliza.

"Kukutafuta we," akajibu Mama Dative.

Nyuma yao, mu jikoni, Assia amekauka, ametulia, ndagala ziko tayari mu maji.

"Anouar alipotea," akasema. "Nikawaambia."

Alijibanza chini ya paa ya duka la dawa mpaka mvua ilipopungua, kisha akarudi kwa kufuata malango anayoyajua: lango la bluu, lango lenye mbwa, lango lenye maua. Akafika. Mulinzi wake yuko mu mufereji anachoma maji na mti.

Alhamisi, 19 Februari

Ramadani imeingia. Mujomba Shaabani akapiga kwa telefone ya Mama Dative: "Assia asifunge. Mutu wa akili kama zake kalamu imenyanyuliwa juu yake, haandikiwi dhambi." Sauti ya mujomba haihitaji telefone, Assia aliisikia toka uani.

"Mi nafunga," akasema.

Kwetu tulikuwa tunakula daku yeye amelala. Asubuhi anapewa chai peke yake kwenye kona, kama mutoto ao mugonjwa.

Mama Dative si muislamu, hakutaka kuingilia. Aliuliza tu: "Assia, kufunga ni nini?"

"Kusubiri."

"Unasubiri nini?"

"Jua liende. Tule wote." Akarudia kwa nguvu: "Wote."

Nimesikia mawaidha marefu zaidi. Mazuri zaidi sijui.

Jumanne, 24 Februari

Tunafunga vizuri kabisa.

Jumatano, 25 Februari

Leo si sana. Nilikuwa nyuma ya tangi na chapati. Assia akaja kuchota maji, akanikuta mashavu yamejaa.

"Mi nafunga," akasema. "We unakula."

"Usiseme, mama mudogo."

"Kwa nani?" Akaangalia juu, mawinguni. "Anajua."

Akachota maji yake, akaenda. Ile chapati ilikuwa ngumu kumeza kuliko ndoano.

Jumapili, 1 Machi

Mama amekuja, anatembea ameshika tumbo. Nilidhani atafurahi. Assia alimukaribisha kiti, akaenda jikoni, akarudi na terimosi amuwekee chai. Mama hafungi kwa sababu ya kidonda. Mama akaruka kama amechomwa.

"Nani amemupatia maji ya moto? Anouar! We unalinda nini hapa?"

Assia hakusimama. Alimimina polepole, ulimi nje ya meno, mpaka karibu na ukingo. Hakumwaga hata tone. Akasukuma kikombe kwa vidole viwili. "Sukari unaweka mwenyewe."

Mama alikaa na ile chai haijanywewa mpaka ikapoa. Akauliza, sauti ndogo: "Anaoga na nani?"

"Peke yake," nikasema. "Mama Dative anamusugua mugongo tu. Kwa sababu mugongo hakuna mutu anaufikia, hata mi."

Nilidhani ni kichekesho. Mama akafunika uso na mutandio. "Miaka yote hii," akasema. "Nimekataa wanaume wawili wa kunioa tena kwa ajili yake. Nilisema hawezi. Alikuwa anaweza, Anouar? Basi mi nilikuwa nafanya nini?"

  Mama Dative ndiye alijibu: "Ulikuwa unamupenda peke yako, mama. Ni kazi ya watu wengi."

Mama akaondoka bila kukubali, bila kukataa. Nje nikamusikia anatembea polepole zaidi ya alivyokuja.

Jumatatu, 2 Machi

Mvua.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua. Nimefua shati langu mwenyewe. Lilikuwa jeupe. Sasa ni rangi yenye mawazo.

Jumapili, 8 Machi

Mwezi umekwisha. Mujomba Shaabani alikuja saa tisa na kanzu yake, akasimama katikati ya salo, pale sebuleni. Mvua ilikuwa inapiga mabati, kila mutu akawa anapiga kelele ili asikike, hata aliyetaka kusema kwa adabu.

"Assia, chukua begi. Tunaenda."

"Mi nabaki."

"Nini?"

"MI NABAKI!" Sijawahi kumusikia anapiga kelele. 

Mujomba akamugeukia Mama Dative. "Mumemufundisha kiburi."

"Tumemufundisha njia ya soko, baba. Kuna chumba cha siku zote kimebaki wazi. Amekiomba yeye. Akitaka kurudi kwenu, namupangia begi mi mwenyewe. Akitaka kubaki, simutoi."

"Hana akili ya kutaka! Mi ni kaka yake. Ni mutoto huyu!"

Hapo ndipo mudomo wangu ulifunguka wenyewe, naapa sikuutuma. "Mujomba, mutoto ni mi. Mi ndiye nilipotea, yeye ndiye alifika. Mi ndiye nilikula, yeye ndiye amefunga. Ukitaka mutu wa kurudisha nyumbani na kumufungia mulango, nirudishe mi."

Alininyooshea kidole.  "Watu wananiuliza musikitini kila siku: Shaabani, dada yako yuko wapi? Nijibu nini? Kwamba tumeshindwa kumulisha?"

"Jibu kwamba anaishi Kamenge."

"Sikiliza, Anouar. Siku ya Idi umulete kwangu. Usipomuleta, garaje yangu usiikanyage tena."

Akatoka mu mvua bila kungoja ipungue.

Jumatatu, 9 Machi

Breki ndiyo kazi pekee ninayoijua. Nimeandika hivyo ili kesho nisijifanye sijali.

Alhamisi, 12 Machi

Nimemuambia Assia: "Mi simupeleki mutu. Acha anifukuze. Nitauza mega na Raïssa." Assia akasema: "Idi naenda."

"Utarudi kule?"

"Naenda," akasema tena, akaendelea kuchambua mboga ya lengalenga. Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye kandambili. Amekubali kwa ajili yangu, nikawaza. Elvire naye ananilaumu mi.

Jumatatu, 16 Machi

Mvua. Assia amemuchukua Melchior wazunguke naye maduka matano kutafuta sukari, imeadimika mji muzima. Hakuna.

Jumatano, 18 Machi

Wamepata kilo moja. Sielewi ni ya nini. Nyumba nzima inakunywa chai chungu na hakuna anayeruhusiwa kugusa ile sukari.

Ijumaa, 20 Machi. Idi

Asubuhi nikamuuliza begi liko wapi. "Chumbani," akasema. "Linabaki." Alivaa dira ya zambarau, akapakata ile kilo ya sukari imefungwa kwa karatasi. Tukaondoka.

Salo ya mujomba ilikuwa imejaa: majirani, mafundi, wazee wa musikiti, harufu ya pilau mpaka barabarani. Mi nikataka kuingia tu kama kawaida. Assia akanishika shati. Akasimama nje ya pazia.

"Hodi," akasema.

Ndani wakacheka. Nani anapiga hodi kwao? Mujomba akaita: "Ingia, Assia, acha michezo!"

Hakuingia. "Hodi."

 Niliona mama, kwenye mulango wa jikoni, anamuangalia dada yake na ile karatasi mikononi. Mwenye kubeba zawadi ni mugeni. Mutu haleti sukari kwao. Nikaelewa, na nikaona mama ameelewa kabla yangu. Miaka thelathini na nne Assia alikuwa nyuma ya lile pazia anatazama wageni wanavyofanya. Alijua yote.

"Karibu," mama akasema.  "Karibu, mugeni wetu."

Assia akaingia. Akatoa sukari kwa mikono miwili. Wazee wakatazamana, kilo nzima, siku hizi! Akakaa kwenye kiti cha wageni, magoti pamoja. "Idi njema, kaka. Habari za hapa?"

Mujomba alifungua mudomo, akaona macho ya musikiti muzima yanamungoja. "Nzuri," akasema.

Mama akaleta birika na beseni. Yule aliyemuogesha miaka yote hii akainama, akamumiminia maji ya kunawa, kama anavyomiminiwa mugeni. Assia akanawa vidole kimoja kimoja. Hakuna aliyemukatia nyama.

Alipomaliza alisimama. "Asante kwa chakula. Naaga. Naenda nyumbani."

Sasa, kila mutu wa hapa anajua: mugeni akiaga humuzuii kwa nguvu, na humuachi atoke peke yake. Mwenye nyumba anayebaki kwenye kiti wakati mugeni anaondoka si mutu. Watu wote wakamuangalia mujomba. Akatafuta viatu vyake.

Barabarani akaning'ong'oneza: "Umenichezea."

"Ulisema nimulete. Nimemuleta."

Alitaka kutuacha pale basi zinaposimama. Basi hakuna, esansi ya magari hakuna. Mustari wa watu ulikuwa mpaka kwenye kona. Huwezi kumuacha mugeni barabarani anangoja kisichokuja. Akasema atafika mpaka kwenye daraja. Kwenye daraja hakuna basi. Akasema mpaka kwenye mataa. Hivyo hivyo, kanzu nyeupe ikipata madoa ya matope moja baada ya jingine, mujomba Shaabani akatembea Buyenzi mpaka Kamenge nyuma ya dada yake. Kwenye dimbwi kubwa alinyoosha mukono amushike. Assia akamuonyesha jiwe. "Kanyaga hapa, kaka." Akakanyaga.

Langoni Assia akafungua. "Karibu."

Angefanya nini? Miguu ilikuwa imekwisha. Aliingia, akakaa. Assia akamuletea chai, akaimimina mbele yake. Mujomba akaangalia ule mukono kama anavyosikiliza injini anayoambiwa imekufa, na inawaka.

"Chumba chako ni kipi?" akauliza.

"Kile." Hakumufungulia. Mujomba hakuomba.

Akanywa mpaka mwisho, akasimama. "Haya. Naaga."

Assia akachukua mwavuli. "Nakusindikiza."

"Apana, bakia tu, mi ni—"

"We ni mugeni."

Mujomba akaniangalia nimuokoe. Mi nikakuna ndevu zangu chache. "Ndivyo desturi yetu ilivyo, mujomba."

Wakatoka. Nikasimama niwafuate, kazi ni kazi, lakini Elvire akavuta kigoda changu akakikalia. "Mupolisi, leo ni sikukuu. Tulia." Nikachungulia langoni. Walifika kwenye nguzo ya transfo ya umeme, wakasimama, wakasemezana. Halafu Assia akageuka, akarudi peke yake, polepole kama kawaida yake, anakwepa madimbwi. Mujomba hakusogea pale mpaka alipomuona ameingia.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Garaje, Jumatatu, saa mbili. Usichelewe."

"Na we? Amekuambia nini?"

Alikunja mwavuli, akaupangusa vizuri, akautundika.

"Ameuliza kama anaweza kuja Jumapili."

Mujomba Shaabani. Kuuliza!

"Ukamujibu nini?"

"Nimemuambia nitaona."